Gari la Saa Sita Halikumngoja Mama Ivyne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Peres Obuya, msimamizi wa ratiba wa Mteremko Sacco, ushirika wetu wa matatu, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Wengi wetu tunamwita Mama Ivyne. Madereva wachelewaji wana jina lingine kwake, ambalo jarida hili haliwezi kulichapisha.

Alianza kama makanga, mkusanya nauli, enzi ambazo mwanamke mlangoni mwa matatu aliwafanya watu wa Ngong Road wasimame kutazama. Akiita abiria Adams Arcade, watu wa mtaa jirani wa Woodley walimsikia wakafunga viatu haraka. Baadaye akawa mkuu wa steji, kisha akakabidhiwa ratiba, na hapo ndipo wenye magari walipoanza kukosa usingizi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Asubuhi na jioni abiria walitugombania, lakini mchana gari lilikaa mjini likingoja kujaa, dereva akisoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Ili lionekane karibu kujaa, tulilipa watu wakae ndani kama abiria, kisha wateremke wateja wa kweli wakiingia. Mama Ivyne aliichukia desturi hii kwa moyo wote. Alishikilia kwamba abiria wa mchana wapo, akina mama wanaoenda kusukwa Kenyatta Market, wazee wa kliniki, wachuuzi wanaofuata mzigo, ila hawajui gari litaondoka lini, na nauli ni ile ile ya wenye haraka. Akapendekeza mchana, kuanzia saa nne, nauli ishuke, na gari liondoke saa inayojulikana, lijae lisijae.

Mkutano wa wenye magari ulichafuka. Mwenyekiti wetu, Mzee Kihara, aliuliza, "Sasa Mama Ivyne, hiyo mafuta italipwa na nani, viti?" Hakuna mwenye gari aliyekubali kujaribu, basi akatoa lake. Yeye na mumewe Zadock walikuwa na hilo moja tu, la mkopo, na benki haina utani. Mpango ukifeli, gari lingechukuliwa. Zadock alikubali, ingawa tunasikia nyama choma haikumpita kooni kwa muda.

Siku ya kwanza, bahati mbaya, hakuna aliyekumbuka kuwaarifu abiria wetu wa kukodi. Saa nne ilipofika, dereva Oduor aliliondoa gari likiwa na wateja wawili wa kweli na safu nzima ya waigizaji. Walipokaribia Adams Arcade mmoja wao akapiga kelele, "Dere, wacha mchezo, sisi hatuendi mahali!" Mama Ivyne, aliyekuwa mlangoni, aliwadai wote nauli. Kwa kuwa ilikuwa mchana, aliwatoza ile iliyopunguzwa.

Wiki zilizofuata hazikuchekesha. Gari liliondoka na watu wachache, mara nyingine mmoja, na Mama Ivyne akakonda tukimwona. Hata hivyo hakulichelewesha hata siku moja. Kisha Wangui, msusi wa Kenyatta Market, akaanza kuwaambia wateja wake waje na gari la saa nne, wakawahi kiti bila foleni. Waliambizana. Wazee wa kliniki nao wakaambizana. Kufikia Pasaka mkopo ulikuwa unalipika, na wa kwanza kuja kuomba nafasi ya mchana alikuwa Mzee Kihara mwenyewe. Siku hizi gari letu la mchana linaondoka kila robo saa, na wale waigizaji wamepata kazi nyingine.

Sherehe ya kumuaga aliitaka asubuhi, wenye haraka wakishaondoka, ili jioni lisikosekane gari barabarani. Tulimpambia kiti cha mbele katika gari la saa sita limpeleke nyumbani, dereva akiwa Oduor yule yule. Keki ilikatwa, maombi yakafanywa, na Mzee Kihara akahutubia kama kawaida yake. Saa sita ilipofika, Mama Ivyne alikuwa bado anakumbatiwa stejini. Oduor alimtazama, akaitazama saa, akapiga honi, akaondoka na kiti kile kitupu na riboni zake.

Tulimlaani Oduor sote. Mama Ivyne alisimama akilitazama gari likipotea, machozi yakimtoka, akasema, "Wacheni kumtusi. Huyo ndio nimemfunza."

Akapanda lililofuata. Lilikuwa na watu watatu tu, na liliondoka.

Asante, Mama Ivyne. Tunakuombea ustaafu mwema usiongoja kujaa ndipo uanze safari.

Anita Waceke, ofisi ya Sacco