Mahali pa Kichwa cha Pacha

Fundi tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, alfajiri, katika wodi ya wazazi ambayo paa lake lilikuwa likivuja. Alikuwa wa pili kati ya mapacha. Wa kwanza alitoka kimya, akafunikwa shuka, hata jina hakupewa. Kaburi lake ni lile dogo hapo pembeni, lenye jiwe lililoandikwa tarehe peke yake. Mama yao alizoea kusimulia kwamba marehemu alilia kwa zamu mbili, yake na ya mwenzake, mpaka mkunga akasema, "Huyu anamdai nani?"

Alizaliwa na kifua kilichobonyea katikati. Utotoni kilikuwa kibonyeo tu cha kuingia ncha ya kidole. Alipoanza kurefuka, mfupa wa kidari ulizidi kuzama, na kishimo kikawa cha kutosha ngumi ya mtoto. Majirani hawakukosa maelezo. Mmoja alisema mama alibeba ndoo nzito akiwa mjamzito; mwingine alisema mtoto alizoeshwa kulala kifudifudi; wa tatu alilaumu dawati la shule. Mama hakubishana na mtu.

Shuleni wenzake walimwita Bakuli. Siku moja baada ya mpira walimlaza chali, wakammiminia maji kifuani waone yatajaa kiasi gani. Alirudi nyumbani shati limemganda mwilini, analia hata kusema hawezi. Mama yake alimketisha kitandani, akalaza kiganja katika kile kishimo, akamwambia, "Hapa ndipo kaka yako alipoweka kichwa. Muda wote mlipokuwa tumboni alikulalia hapa. Alipoondoka, pakabaki mahali pake."

Mtoto alinyamaza. Wiki iliyofuata walipomzunguka tena na kopo la maji, aliwaambia bila kupandisha sauti, "Mwageni. Ila mnamlowesha kaka." Walicheka, kisha vicheko vikakatika kimoja kimoja, na kopo likawekwa chini. Hakuna aliyemmwagia maji tena. Lakini tangu siku hiyo marehemu hakuvua shati mbele za watu, hata kwenye jua la kupasua kichwa, na mpira akauacha. Alimaliza sekondari mwaka 1981.

Mwaka uliofuata aliingia kwa mjomba wake, fundi wa magodoro ya pamba, katika karakana iliyokuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Kazi ilikuwa kupasua godoro lililochakaa, kuitoa pamba iliyoshikamana, kuichambua kwa fimbo hadi ifumuke, kisha kuirudisha na kushona kwa sindano ndefu kama mkono. Ndani humo vumbi lilining'inia hewani kama moshi usiojua pa kwenda. Marehemu alikuwa na mkono mwepesi, na mjomba alimwachia wateja mapema.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakulisahau. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alileta godoro limetoboka pembeni. Marehemu alilitengeneza lote: alishona tundu, akachambua pamba, akajaza bonde lililokuwa upande mmoja, akalinyoosha likawa kama meza. Alijivunia kazi yake. Yule mama alipokuja kulichukua, alipitisha mkono juu yake kutoka kichwani hadi miguuni, akarudia, kisha akauliza polepole, "Mume wangu umemweka wapi?"

Hapakuwa na cha kumrudishia. Tangu hapo, kila godoro lililoingia mle, la bwana harusi au la mjane, marehemu aliweka kiganja penye bonde na kumuuliza mwenyewe, "Nijaze, au niache?" Wengine walimwona kama ana lake jambo. Wengine walilia palepale mlangoni.

Alimwoa mshonaji wa mapazia aliyefanya kazi chumba cha pili kutoka karakana, tarehe 14 Juni 1997. Mkewe anasema ilimchukua muda kuruhusiwa kukiona kile kifua, na alipokiona hakusema "pole." Alisema, "Kumbe mume wangu ana meza yake mwenyewe," akamwekea vifungo vya foronya humo akiwa amelala chali, akaendelea kushona. Marehemu alicheka hadi vifungo vikatawanyika chumba kizima. Lakini mkewe aligundua pia kwamba usingizini mumewe hulala ubavu, mkono mmoja umekunjwa mbele ya kifua, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

Pumzi ilianza kumpungukia alipokuwa na miaka thelathini na kitu. Godoro alilokuwa akipandisha hadi ghorofa ya tatu bila kusimama, sasa alililaza kila kituo cha ngazi, huku akijifanya anafunga kamba. Daktari wa upasuaji wa kifua alimpiga picha na kumwonyesha. Alimweleza kwamba halikuwa kosa la mama, la ndoo, wala la dawati. Gegedu, ule mfupa mlaini unaounganisha mbavu na kidari, lilikuwa limekua vibaya likakisukuma kidari ndani. Hutokea zaidi kwa wanaume, mara nyingi hufuata ukoo, na kishimo huongezeka kina mtoto anapobalehe. Kisha alionyesha moyo pichani, umekaa kushoto kuliko kawaida.

"Umesukumwa kando," daktari alisema.

"Haukusukumwa," marehemu alijibu. "Umempisha mtu."

Daktari alidhani ni utani. Alimweleza upasuaji: kupasua kidogo ubavu huu na huu, kupitisha chuma kilichopindwa chini ya kidari, kisha kukigeuza ili kiunyanyue mfupa. Chuma kingekaa humo miaka mitatu, halafu kingetolewa. Marehemu alishukuru, akaenda zake, na kwa zaidi ya mwaka hakurudi.

Mwaka 2001 mkewe alikuwa mjamzito, na mumewe hakuweza tena kumaliza ngazi. Mkewe alimwita mama mdogo wa marehemu, aliyekuwepo wodini siku mapacha walipozaliwa.

"Mwanangu," mama mdogo alisema, "mwenzako hakuwa mbele yako. Alikuwa mgongoni. Mama yako alisema vile ili unyamaze kulia."

"Najua, mama mdogo. Nimejua tangu nipate akili za utu uzima."

"Sasa?"

"Mama alishampa mahali. Nikimtoa nimpeleke wapi?"

Ndipo mkewe aliposhika tumbo lake akasema, "Na huyu naye atataka kulala kifuani kwako. Atalala kwa nani, na wewe pumzi huna?"

Alikubali. Kitanda cha jirani wodini alilazwa mwashi ambaye kifua chake kilikuwa kimetokeza mbele kama cha kuku. Walipoonana bila mashati, mwashi alimwangalia, akajiangalia, akasema, "Ndugu yangu, kumbe chako ndicho nilichopewa mimi!" Marehemu alisema ndiyo mara yake ya kwanza kucheka bila shati mbele ya mwanamume mwingine.

Alipokuwa akisukumwa kuingia chumba cha upasuaji, aliomba daktari aweke kiganja kwenye kishimo kwanza na amuulize swali. Daktari aliyekuwa amevaa barakoa alimuuliza kama alivyofundishwa: "Nijaze, au niache?" Marehemu alilaza mkono wake juu ya mkono wa daktari. Kisha akasema, "Jaza."

Maumivu yalikuwa makali. Kupiga chafya tu kulimtoa machozi. Lakini pumzi ilimjaa hadi chini, na binti yake alipozaliwa alimlaza kwenye kifua kilichonyooka. Ngazi alizipanda akipiga mluzi. Hata hivyo mkewe anakumbuka kwamba mumewe hakuwa tena na utulivu. Alilala chali kama mgeni. Mara nyingi alijipapasa pale katikati, akagusa ugumu wa chuma, akageuka na kuutazama mlango. Alipoulizwa anamngoja nani, alijibu, "Simngoji. Nasikiliza tu kama ameshafika."

Chuma kilitolewa mwaka 2004. Baada ya miezi kadhaa kifua kilizama tena kidogo, kiasi cha kulaza kidole gumba. Daktari alisikitika, alisema hutokea kwa watu wazima, na kwamba angeweza kurudia. Moyo na mapafu vilikuwa salama. Marehemu alilaza kidole pale, akatabasamu kwa namna ambayo daktari hakuielewa. "Acha," alisema. "Hapo panamtosha." Tangu usiku huo alirudi kulala ubavu, mkono umekunjwa mbele.

Alirithi karakana na kufundisha mafundi wanne. Alimpima binti yake kifua kwa kiganja, asije akawa amerithi kishimo, hadi msichana alipokataa, akisema, "Baba, mimi si godoro."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alivumilia matibabu bila kulalamika, ila alidai kitanda cha hospitali kimenyooka mno, kimekosa mtu. Siku za mwisho, nyumbani, alikuwa akijisogeza ukingoni mwa kitanda. Mkewe alimwambia, "Utaanguka, baba." Alijibu, "Tuko wengi." Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, mchana, amelala ubavu.

Juzi fundi mkuu wa karakana alikuja nyumbani kuchukua godoro lao alishone lilipofumuka. Aliweka kiganja penye bonde la mama, kisha penye bonde la baba. Kisha mkono wake ukasimama. Kati ya yale mawili, usawa wa kifua cha marehemu, palikuwa na kibonyeo kidogo, cha mviringo, kikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Binti aliacha kulala kitanda hicho zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

"Mama," fundi aliuliza, "nijaze, au niache?"

"Ya kwetu yaache."

"Na hiki?"

Mjane alilaza kiganja humo. "Nacho kiache."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe, mjukuu wa kiume aliyezaliwa na kifua kilichonyooka, mama mdogo, na mafundi wake wanne. Kwa ombi lake, kaburi lake limechimbwa kando ya lile dogo, naye amelazwa ubavu akilielekea.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.