Mzee Kornelio na Kisanduku Kilichoimba Kupita Kiasi

Tarehe 30 Juni 2002 Mzee Kornelio Mgaya anakabidhi funguo za chumba cha redio, hapa kwenye yadi yetu ya malori Makambako, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Wenzake wameniagiza niandike mimi, Mama Patrick wa jikoni. Wanasema chai yake yote imepita mikononi mwangu, kwa hiyo na aibu zake nazijua.

Alitoka Kifanya mwaka 1979, yadi ikiwa bado ya ushirika. Chumbani walikuwa watatu, wakipokezana kuvaa visikizio na kungoja madereva waite kutoka Songea, Makete na Ludewa. Baadaye ushirika ukauzwa, akaja Bwana Mansoor, watu wakapunguzwa, na mwaka 1998 Mzee Kornelio akajikuta peke yake na redio. Sasa mtu mmoja atategaje sikio tangu asubuhi hadi jioni? Chooni alikwenda mbio na kurudi mbio, mkanda bado mkononi. Mashahidi tupo wengi.

Ndipo akatengeneza kisanduku. Ndani aliweka redio ndogo na chipu, kijikompyuta kisichozidi punje mbili za mahindi, na kila lori akalifungia kitufe cha kutuma namba yake. Namba ikiingia, redio inaigutusha chipu. Chipu inaacha kuhesabu saa yake, inawasha taa ya lori hilo na kupiga kengele. Hakuna tena kukaa unasikiliza, unaitwa, ndipo unavaa visikizio. Maelekezo ya chipu aliyaandika kwenye daftari la shule, akapanda basi kwenda Njombe kuyaingiza kwa kompyuta ya mapadre.

Kengele tu ingetosha. Lakini yeye ni mpiga kinanda wa kwaya, akaweka wimbo wa kutunga mwenyewe. Nusu dakika nzima, na kiitikio juu yake.

Bwana Mansoor akatoa wiki mbili za majaribio, Machi 1999. Kisanduku kikikosa wito hata mmoja, kinatupwa, na Mzee Kornelio anawafuata wenzake waliopunguzwa. Mimi nilikuwa na hofu mbili: ya kwake, na ya mwanangu Patrick, dereva wa njia ya Ludewa, maana milima ile mvua ikinyesha haina huruma.

Siku ya nne Seleman, dereva mwenye utani kuliko wote, alibonyeza kitufe akiwa hapo getini, ili ausikie tu wimbo. Akaupenda. Akabonyeza tena, na tena. Kumbe chipu ikishaitwa haisikii la mtu mwingine mpaka imalize wimbo na kiitikio chake! Patrick aliita mara mbili, breki zimeshika moto, lori limekwama konani, na mara zote mbili Seleman alikuwa amemtangulia. Kisha betri ikamwishia. Alikaa kwenye mvua kwa saa sita nzima, mpaka dereva wa lori la mchanga akatuletea karatasi aliyoandika Patrick.

Bahati Bwana Mansoor alikuwa Dar, na yadi nzima ikafunga mdomo. Habari hii anaisoma leo hapa. Shikamoo, bosi.

Siku hiyo Mzee Kornelio hakupata andazi. Nilimwambia, "Baba Sila, mimi nikiwa nasonga ugali, mtu akipiga hodi naitikia, naweka akilini ni nani, narudi kwenye mwiko. Ukiiva ndiyo namkaribisha. Chipu yako inatoka mlangoni inamwimbia mgeni mmoja nyimbo zote, wengine wanalowa nje!"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mama Patrick, hebu rudia hapo kwenye mwiko."

Nikarudia.

"Yaani iweke alama tu, irudi?"

"Irudi! Kuimba baadaye."

Akakimbilia basi la Njombe, chai kaiacha nusu kikombe.

Jumatatu Bwana Mansoor akarudi, naye si mtu wa kuchezewa. Aliwaagiza kwa siri madereva saba wabonyeze saa nne asubuhi, mmoja akimfuata mwenzake ndani ya dakika moja. Taa saba zikawaka, kwa mpangilio uleule wa kuita kwao, ya Patrick ikiwa ya tatu. Wimbo ulianza wote walipokwisha kuwekewa alama. Bwana Mansoor akazihesabu taa kwa kidole, akazirudia, akasema, "Kornelio, unabaki. Ila huo wimbo, hapana."

Mzee aliukata ukabaki milio miwili, akanuna wiki nzima kama mtu aliyefiwa.

Tangu hapo, kwa miaka mitatu na ushee, hakuna dereva wetu aliyeita asisikike. Kisanduku sasa anakipokea Fidelia, aliyemfundisha mwenyewe. Asante, Mzee Kornelio, kwa niaba ya sisi wote wenye watoto barabarani.

Jumamosi Patrick ameomba ampeleke Kifanya kwa lori, yeye na vitu vyake. Mimi nitakaa katikati yao, nione nani atathubutu kukimbiza gari. Ukapate siku njema nyingi huko kwenye miti uliyoipanda Kifanya, baba. Zetu ulizilinda vizuri.