Sista Jentrix na Uvimbe Usiofikiwa na Kisu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Sista Jentrix Wakhungu wa wodi ya saratani anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, zaidi ya nusu yake hapa kwetu Kisumu.

Alikuja kutoka Bungoma bila neno hata moja la Kijaluo. Wagonjwa ndio wakawa walimu wake. Mpaka leo akisema “amosi” kwa lafudhi ya kwao, wodi hucheka kwanza ndipo iitikie salamu.

Wengi watamkumbuka kwa vicheko hivyo. Mimi namkumbuka kwa Absalom Opondo, fundi wa mashua wa Usenge, aliyeletwa wodini akiwa na saratani adimu ya tishu laini. Uvimbe ulikuwa nyuma ya tumbo, umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu. Madaktari wa upasuaji walizitazama picha, wakasema haukatiki. Ikabaki kumpa dawa za kemo na mionzi kwa pamoja, tiba inayomlaza hata mwenye nguvu.

Wiki ya tatu Absalom alishindwa. Mdomo umejaa vidonda, chakula hakikai tumboni, ngozi ya mgongo imebabuka. Akavaa viatu, akamwambia mkewe, Perez, wafunge mizigo.

“Sista, mnaniua polepole,” alisema.

Sista Jentrix aliketi kando yake kitandani. “Baba, siwezi kukuahidi kupona. Ukienda leo, najua kitakachofuata. Ukibaki, sijui. Lakini nitakuwa hapa na wewe.”

Absalom akamnyooshea mkewe miguu. Perez akapiga magoti, akamvua viatu.

Daktari alipunguza dozi, na Sista Jentrix akabadilishana zamu na wenzake ili awepo kila siku ya tiba. Uvimbe haukuisha. Ulisinyaa, maumivu yakatulia, Absalom akarudi Usenge kuunda mashua. Aliishi miaka minne zaidi, akamwoza binti yake Adongo. Ugonjwa uliporudi na kumchukua, Sista Jentrix alikwenda mazishini, akalia mbele za watu bila kujificha. Jumatatu alikuwa kazini, akimtundikia dripu mgonjwa mwingine.

Sista, umetufundisha kumwambia mgonjwa ukweli na bado kubaki naye. Asante, kutoka kwetu wenzako wa wodi na kwa wote uliowashika mkono. Mungu akulinde huko Bungoma, shamba likuitikie, wajukuu wakuchoshe kwa michezo, nawe ulale usingizi mzito ambao kazi hii ilikunyima.