Milango Aliyotuonyesha Mama Simu

Mgeni rasmi, mwenye kiwanda cha mikate. Viongozi wa mtaa. Wachangiaji wetu wa tangu zamani na wa juzijuzi. Wazazi, na ninyi watoto mlioketi mbele na viatu vyenu vipya:

KARIBU NDANI

Mlango huu, mgeni rasmi, unaujua kuliko sisi. Chumba hiki kilikuwa stoo ya unga ya marehemu baba yako kabla hajatuachia, na wengi wetu tunakukumbuka ukipita hapa na sare ya shule, mkate wa moto kwapani, ukituuliza, "Leo mnamshonea nani?" Ukuta wa nyuma bado unapata joto la tanuri, na siku za baridi bado tunagombania benchi linalouegemea. Wengine huwaalika wageni wawaonyeshe mambo mapya. Sisi, dada yetu, tumekuita tukumbushane.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu, Hatua Sawa, hushona viatu vya watu ambao miguu yao hailingani: mmoja mfupi, mmoja mrefu, au mmoja umepinda. Dukani viatu huuzwa kwa jozi, kana kwamba miguu ya kila binadamu ni mapacha. Kazi hii aliianza Fundi, marehemu mume wa Mama Simu. Kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, Fundi hakuwa na mpinzani. Kuomba ndiko kulikomshinda. Mzazi akileta mtoto, Fundi anapima mguu, anashona, na akiulizwa bei anakohoa. Ngozi ikaisha, gundi ikaisha, kikohozi hakikuisha.

Mama Simu alikuwa ametoka kustaafu. Tangu usichana wake alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, akiunganisha watu asiowaona. Siku moja alisimama hapo mlangoni, akaangalia rafu tupu, akamwambia mumewe, "Baba, wewe piga nyundo. Mimi nitapiga simu."

Baba yako akamwekea kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la mikate, kando ya ile simu nyeusi ya mezani, saa za alasiri biashara inapotulia. Lakini Mama Simu hakuanza na simu. Alianza kwa miguu. Alitia kiatu kimoja kilichokamilika ndani ya kapu, akapita mtaa kwa mtaa akibisha hodi, akikionyesha na kuketi kidogo. "Siwezi kumwomba mtu nisiyejua anavyocheka," alisema. Akishamjua, ndipo humpigia.

Na akipiga, neno "mchango" hulisikii. Wengi wetu tulimsikiliza huku tukinunua mkate:

"Halo, fundi bomba? Hujambo mwanangu? Yule binti wa mguu wa kushoto jana kaenda dukani peke yake. Ndiyo! Karudi na chenji pungufu, kwa hiyo tunajua kapitia kwenye pipi."

Upande wa pili mtu anacheka mpaka dukani tunamsikia. Mwisho wa mwezi fundi bomba huyo anapita hapa na alichonacho, mikono ikinuka kutu, anakiacha na kuuliza binti anaendeleaje. Alitaka kujua yaliyofuata. Wote walitaka kujua yaliyofuata.

TULIYOYAFANYA

Kwa mtindo huo, fundi bomba, kinyozi, muuza vitambaa, mwalimu mstaafu wa hesabu na wengine kama wao walitulisha ngozi miaka mingi. Hakuna aliyekuwa tajiri. Kuna bwana harusi aliyesimama wima siku yake, picha ipo ukutani. Kuna mama aliyemshusha mwanawe mgongoni mtoto akiwa keshaota meno ya pili, akasimama hapo uani akimtazama anavyokwenda, asijue mikono yake aiweke wapi. Kuna mzee aliyetusihi tumtilie soli isiyolia, maana mkewe alikuwa akimsikia kwa mbali na kuficha sukari.

Fundi alipotutoka, wanafunzi wake tuliendelea. Tulidhani lililo gumu limepita.

YALIYOTUKUTA

Asubuhi moja Mama Simu aliinuka kitandani, mkono wa kulia usiinuke naye. Kiharusi. Tunamshukuru Mungu alibaki, lakini maneno yalimkimbia. Alitaka kusema "maji", ikatoka "ma", kisha machozi. Akili ilikuwa timamu, anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu. Mtu aliyeishi kwa sauti yake alikaa dirishani na mtandio mdomoni, akigeuza uso kila alipoingia mgeni.

Nasi hapa tukagundua kwamba wachangiaji karibu wote walikuwa kichwani mwake tu. Hatukuwahi kuona haja ya kuwaandika. Nani huandika majina ya shangazi zake?

Mhasibu wetu, binti mwenye bidii ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejiunga nasi, alikusanya namba chache alizoziokota huku na kule, akatuma ujumbe mmoja kwa wote: "Ndugu Mfadhili, unakumbushwa kuwasilisha mchango wako." Baadaye likaja jibu moja tu, akatusomea kwa sauti:

"Mimi si mfadhili, mimi ni fundi bomba. Mama Simu yuko wapi?"

Binti akachukua mkoba wake. "Twendeni kwake," akasema.

MTAA KWA MTAA

Mama Simu alisomewa ujumbe ule mara moja, akaashiria asomewe tena. Akacheka. Ulicheka upande mmoja tu wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko chake, na hatukuwa tumekisikia tangu augue. Halafu akaonyesha viatu vyake kwa mkono wa kushoto.

"Unataka hospitali, mama?" Akatikisa kichwa kukataa.

"Uani?" Akatukazia macho kama opereta aliyepewa laini mbovu, akanyoosha mkono kuelekea barabarani.

Tukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, tukasukuma bila kujua tunakwenda wapi. Tulipofika kwenye geti la bluu karibu na kwa kinyozi, mkono wa kushoto ukapanda. Tukasimama. Tukabisha hodi, naye akavuta mtandio kufunika mdomo.

Alitoka muuza vitambaa, akajishika kichwa. "Mama! Mimi nilidhani mmenisahau. Simu ilinyamaza, nikajiambia mtoto keshakua, hawanihitaji tena." Papo hapo akaanza kutusimulia habari za mtoto ambaye hajapata kumwona kwa macho: alivyoanguka, alivyoinuka, rangi ya kamba za viatu aliyochagua. Mama Simu aliitikia kwa kichwa kila neno. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamehifadhiwa kwa mtu mwingine.

Mgeni rasmi, maneno yale, "nilidhani mmenisahau", tuliyasikia nyumba baada ya nyumba. Sisi tuliumia kwamba watu wameacha kutoa, kumbe wao waliumia kwamba tumeacha kuwapigia.

Tulirudi kila alasiri. Mkono ukipanda, tunabisha. Nyumba moja mwenyewe alikuwa amekwishahama, akafungua mgeni tusiyemjua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani mpaka mtu awe wa zamani?" Huyo ameketi pale nyuma leo. Mwalimu mstaafu wa hesabu alituuliza, "Mlikuja lini kunijulia hali?" akatufungia mlango. Tulitaka kuondoka. Mama Simu hakushusha mkono. Ulianza kutetemeka, na hakuushusha. Mlango ukafunguka tena, mwalimu akatoka na viti viwili, halafu cha tatu. Tangu siku hiyo Mama Simu hajafunika tena mdomo.

Sasa mhasibu wetu ndiye hupiga simu alasiri, Mama Simu pembeni yake. Binti akianza kusema kama ofisi, Mama hugonga meza kwa kidole. Anaanza upya: "Halo, hujambo? Ngoja nikwambie yaliyotokea jana..." Wachangiaji wa zamani wengi wamerejea, na kila mmoja tunamwomba atupeleke kwa jirani. Lakini bado ni wachache kuliko watoto wanaosubiri. Mbele yako wameketi waliopata. Waliokosa hawakutaka kuja.

MAOMBI YETU

Ulitutumia ujumbe, mgeni rasmi, kwamba ungependa kulipia gharama zetu zote za mwaka, peke yako. Tulipousoma, mmoja wetu alirusha kofia ikanasa darini. Mama Simu akatikisa kichwa kukataa.

"Mama, bahati haibishi hodi mara mbili!" tulimwambia.

Alinyoosha mkono, akauzungusha polepole kuelekea mitaa ile yote tuliyopita. Tukamwelewa. Mmoja akilipa yote, fundi bomba tutampigia kumwambia nini? Na mwaka ukiisha? Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa na pete ya dhahabu.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa heshima na upendo wa siku zile, fedha hizo uzitoe kwa namna nyingine: kila mtu mpya atakayejiunga, na kila wa zamani atakayerudi, uongeze kiasi kama chake. Akitoa kidogo, nawe kidogo. Ajue kwamba chake kimekuwa viwili.

Pili, utufungulie duka lako alasiri moja. Waalike madereva wako, waokaji wako, wanaokuuzia unga, majirani na marafiki. Tutakuja na watoto. Hatutapitisha bakuli; tutasimulia tu, kisha tutawapigia.

Na bati lile juu ya rafu ya ngozi linavuja. Hilo hatuna namna ya kulizungusha, tunaliomba waziwazi.

SHUKRANI

Mungu akuzidishie afya, ailaze pema roho ya baba yako, na mikate yako isiungue.

Kwa desturi, msoma risala ndiye hutoa neno la shukrani. Leo Mama Simu ameomba liwe lake. Mwalimu wa matamshi wa hospitali amekuwa akimfundisha, na Mama amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kinyozi, wateja wakisubiri. Ni neno moja. Litachukua muda kutoka, na huenda likakwama katikati. Tunawaomba nyote mliomo humu mumsubiri, na mtu yeyote asimsaidie kulimalizia.

Ni sisi, mafundi, wazazi, watoto na wachangiaji wa Hatua Sawa.

Mama, karibu.