Kipa wa Msimu wa Karafuu

Gari ya Chake ilipotoka Wete, wanaume wawili wa kiti cha mbele walishaanza kukabana kwa maneno. Nyuma yao Ummi alikumbatia chupa yake ya uji. Alikuwa bi harusi wa juzi tu kutoka Pujini, kwa hiyo hawakumjua. Nao wanaume hao walikuwa wamelala Wete. Ya jana huko kijijini Wingwi yalikuwa hayajawafika.

"Umeichukua timu nzima ukaipandisha mikarafuuni," alisema Mzee Mmanga, katibu wa klabu ya Wingwi. "Tukikosa mechi ya Ijumaa tunafutwa kwenye ligi. Nirejeshee japo kipa wangu, Yussuf."

"Karafuu ikishachanua imeharibika, yakhe," alijibu Thabit, mwenye shamba. "Itangoja mpira wenu? Yussuf anachuma kuliko wote. Simtoi."

"Kaniahidi mazoezi kila alasiri!"

"Na mie kaniahidi kuchuma mpaka magharibi."

Kila mmoja aliapa kwamba kijana ni wake, utadhani wamemzaa. Ummi aliuma midomo. Mumewe hakujaliwa kumwambia mtu hapana.

Gari ikasimama mbele ya hospitali. Ummi akainuka.

"Wazee wangu, Yussuf ni mume wangu. Jana alipanda mkarafuu na njumu za mpira miguuni, ili akishuka tu akimbilie mazoezini. Kateleza. Kavunjika mikono yote miwili. Uji huu nakwenda kumlisha."

Akashuka. Nyuma yake akamsikia Mzee Mmanga: "Msimamizi wako hakuziona hizo njumu?"

"Na njumu kampa nani?" akauliza Thabit, na gari ikaondoka nao.