Maate wa Gazetini

Sogeeni karibu wanangu, msikae mlangoni kama wageni. Ketura binti yangu, niinue kidogo kwa huo mto, nataka kuwaona nyuso. Jalia, hiyo simu inarekodi? Iweke hapa kifuani. Na wewe Nobert keti, najua unataka kuniambia nipumzike, na nitapumzika sana tu, haraka ya nini?

Nyumba hii ya Muhokya ni ya Ketura, na asitokee mjomba wa kumsumbua. Kile kipande cha Mubuku ni cha kukodi, kwa hiyo vuneni mpunga uliosimama kisha mkirudishe kwa heshima. Kituo chetu cha Kasese, ambacho kwa miaka kumi na mitano kimewafundisha waandishi wa habari za uchunguzi bila kuwatoza hata shilingi, kikawatafutia wakili walipokamatwa na pa kujificha walipotishwa, hicho si changu wala si cha ukoo. Nobert ataendelea kukiongoza, kama baada ya leo bado mtanitaja humo kwa wema.

Sasa sikilizeni. Nyote niliwafundisha somo moja kabla ya mengine yote: kabla hujampa mtu jina la kumficha, nenda ukahakikishe jina hilo halina mwenyewe. Mliandika daftarini, mkatikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimelitoa wapi. Waandishi wa uchunguzi, loo!

Nimelitoa Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Miaka kumi na tisa iliyopita niliandika habari ya wakubwa fulani waliokuwa wakijigawia mashamba ya chumvi ya wajane. Karatasi nilipewa na mtu wa ndani, na jina lake msiniulize, nitakwenda nalo. Ilinibidi nimfiche. Sisi Wakonzo majina tunapewa kwa zamu ya kuzaliwa, akina Maate wamo kila nyumba ya mlimani, nikasema moyoni, nikiandika Maate mkata chumvi, nani atamjua? Nilikuwa mjini Kasese, nimekaa kwenye kiti, chai mkononi. Kumbe upande ule wa ziwa wakata chumvi wengi walikuwa watu wa makabila mengine, na Maate alikuwa mmoja tu.

Hata kusoma hajui, wanangu. Alisikia habari yake kwa kusomewa. Wale wakubwa wakamvunjia kingo za shamba lake, maji mabaya yakaingia, chumvi ya msimu mzima ikapotea, na mkewe akarudi kwao. Akaja hapa, kwenye uwanja huu, akasimama pale penye tangi la maji, akaniambia, “Mzee, waambie si mimi.” Nami nikakataa! Ningesema si yeye, wangemtafuta wa kweli, na yule wa kweli alikuwa na watoto wadogo sita. Nikamwambia Maate avumilie. Akaniangalia, akaondoka bila kunitukana, na mimi nilitamani sana anitukane.

Je, nilikosea? Nimejiuliza hilo kila mwaka na mpaka leo sijui. Kosa la jina ni langu, hilo halina mjadala. Ila kukaa kimya baadaye, hapo ndipo ninaposhindwa. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Lijadilini nikishaondoka, natamani ningekuwepo kuwasikia.

Yule niliyemficha amefariki mwezi wa tatu. Watoto wake wapo, ndiyo maana jina lake halitoki kinywani mwangu. Lakini Maate sasa anaweza kusafishwa.

Jalia, unalia nini? Unadhani sijui? Wiki kabla sijalala hapa nilifungua kompyuta ya kituo, nikakuta umeandika yote. Ulimtafuta mpaka ukampata kwenu Bwera, anapakia mizigo sokoni, mgongo umepinda. Ukamuuliza, akakujibu, “Muzee Yeseri aliniharibia. Siko na chuki naye, lakini aseme mu gazeti kwamba haikuwa mimi.” Nimeyasoma maneno hayo mpaka nimeyashika kichwani. Miaka miwili umeificha kazi hiyo kwa sababu mimi ni mwalimu wako! Hiyo heshima nani alikufundisha? Ni kazi nzuri, mwanangu, wasingya, asante. Aya ya tatu tu ina uvivu, hukusema shamba lake lilikuwa na ukubwa gani.

Nobert, najua. Wafadhili wanakuja mwezi ujao, na wakisoma kwamba mwanzilishi alimharibia mtu maisha watakunja mikono. Wakunje. Tunawafundisha watu kubisha hodi kwa wakubwa na kuwauliza maswali magumu, halafu mlango wetu tuufunge? Habari ya Jalia itoke kabla sijazikwa. Msinisifu kanisani kabla haijatoka. Na msilainishe neno hata moja kwa sababu nimekufa.

Ketura, maji kidogo. Hapo... inatosha.

Aende mtu Bwera na gazeti mkononi, amsomee Maate mwenyewe. Polepole. Akitaka kurudi Katwe, kituo kimsimamie mpaka apate shamba... kama tunavyomsimamia mwandishi wetu yeyote.

Jalia, njoo. Kuna kitu sikumuuliza siku ile. Alisimama pale, na mimi sikumuuliza. Jina lake la ubatizo ni nani? ... Sema kwa nguvu, masikio yanakwenda... Erisania. Aa. Maate Erisania.

Andika. Mimi, Yeseri Kathembo, nasema: Maate Erisania hakunipa karatasi. Hakuniambia neno. Nilitumia jina lake bila kumjua.

Mungu awafungulie milango ya watu, wanangu. Na mlango mtakaouumiza... awape miguu ya kuurudia. Nobert, mwanangu, na wewe pia. Shikaneni.

Umeandika? Nisomee... hapo tu, penye jina lake.