Mzee Aristides Rwegoshora na Banda la Gari la Kibingo

Wakubwa zangu shikamooni, na majirani wote poleni. Leo Ijumaa, tarehe 5 Novemba 1993, tunamsindikiza Mzee Aristides Rwegoshora. Kila aliyeko hapa anajua kwamba tumebishana siku mbili azikwe wapi, na banda lake la ufundi libomolewe au lisibomolewe. Nitafika huko. Kwanza tumtendee haki.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 hapa Kibingo, mtoto wa pili wa Mzee Polikarpi Rwegoshora na Mama Kemigisha. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1942, akaishia darasa la nne. Aliifungua baiskeli ya katekista misa ikiendelea, akaifunga tena kabla ya baraka. Katekista alikiri kwamba inakwenda vizuri kuliko mwanzo, akamchapa fimbo sita hata hivyo.

Mwaka 1951 alivuka kwenda Masaka, Uganda, akajifunza ufundi katika gereji ya Mhindi mmoja. Alirudi 1965 na sanduku la spana na maneno machache sana. Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na Mama Adelgunda, ambaye maneno anayo ya kuwatosha wote wawili. Wakajaliwa watoto watatu. Mwaka huohuo wa ndoa alijenga banda hili. Baba yake, Mzee Polikarpi, alipofariki 1971 alizikwa hapa kwenye kibanja, shamba hili la ukoo, nyuma ya banda, na kushoto kwake pakaachwa nafasi ya kaburi la Aristides.

Vita ilipoanza mwishoni mwa 1978, malori yalikwenda vitani na spea zikapotea. Kahawa ikabaki inaoza majumbani. Marehemu akachukua injini ya mashine ya kusaga iliyokufa, ekseli ya gari bovu na mbao, akaanza kutengeneza gari. Likawa refu kuliko banda. Basi akaongeza banda kwa nyuma, likafunika ile nafasi ya kaburi lake.

Tarehe 9 Agosti 1980 gari lilitoka na magunia saba ya kahawa, Mama Adelgunda juu yake. Katikati ya mteremko waya wa breki ukakatika. Chini kulikuwa na watu wa mnada. Marehemu hakupiga kelele. Alikata kona, akaingia kwenye migomba ya jirani yetu Nsabimana, gari likaangusha mashina kumi na manne ndipo likasimama. Mama akashuka, akajifuta vumbi, akasema, "Baba Projest, kesho panda na mama yako. Mimi nitatembea."

Siku nane hakutoka bandani. Alipotoka, gari lilikuwa na breki ya pili, ya mkono, isiyotegemea ile ya kwanza, na gogo la kuburuta nyuma ya gurudumu ili lisirudi kinyume likizimika mlimani. Madereva walitoka hata Kihanga kuja kuchungulia, wakaenda kuiga. Mama akapanda tena.

Mwaka 1991 sukari ilimshika, mguu ukaanza kuoza. Alifunga banda, gari likiwa ndani na spana zikiwa kwenye misumari yake. Alimwambia mwanawe Projest, "Msilibomoe. Watoto waje waone kuna kitu kilitengenezwa hapa." Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 3 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka yake mkubwa, Mzee Gaudiosus, alisema mtu hulala kando ya baba yake, kwa hiyo banda livunjwe. Projest akasema atakayegusa bati amguse yeye kwanza. Leo asubuhi vijana wa ukoo walikuja na nyundo na majembe. Projest alisimama mlangoni na panga, na hakuwa anatania. Mama Adelgunda akampita, akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva.

"Shemeji, shuka," Mzee Gaudiosus akamwambia.

"Sishuki. Alipoongeza banda hili, ncha ya pili ya kamba ya kupimia alishika nani?"

Mzee akajibu, "Mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anajenga juu ya kaburi lake."

"Akakujibu nini?"

"Aliniambia nivute kamba, imelegea."

Hakuna aliyecheka. Mzee Gaudiosus akamnyang'anya kijana mmoja jembe, akazunguka nyuma ya banda mpaka kulia kwa kaburi la baba yao. Nafasi hiyo ni ya mzaliwa wa kwanza, yaani yeye mwenyewe. Akapiga jembe la kwanza. "Hapa ni pangu," akasema. "Mlazeni hapa."

Projest akaweka panga chini, akaenda kumpokea jembe.

Yeye Mzee Gaudiosus atalala wapi, tutabishana siku yake, na Mungu aicheleweshe.

Marehemu ameacha mjane, Mama Adelgunda, watoto watatu, Projest, Deodatha na Elpidius, wajukuu tisa, banda moja lililosimama, na kaka mmoja asiye na pa kuzikwa.

Bwana ampokee, naye alale salama kando ya baba yake.